Hatuna Haraka

Ujumbe ulifika Jumatatu baada ya alasiri, na hadi magharibi watu saba kati ya wanane waliokuwemo kwenye yoti ile walikuwa wanaujua. Wa nane, ambaye ndiye mwenye ujumbe, alikuwa jikoni anakanda unga wa mikate ya wageni.

Ulikuwa mfupi. "Mama anaumwa sana. Anamtaka Sichana. Mwambieni afanye haraka." Aliyeuandika ni Bashira, dada yake mkubwa Sichana, akiwa Nungwi kando ya kitanda cha mama yao, Bi Mwamvua. Aliutuma kwenye simu ya setilaiti ya chombo, kwa sababu simu za mkononi kule kwenye maji makuu ni vioo vya kujitazamia tu.

Kapteni Zahran aliusoma mara mbili. Alikuwa mtu wa Mji Mkongwe, mtoto wa watu, mwenye vyeti vya unahodha na sauti ya upole isiyopanda hata kwenye dhoruba. Jikoni kwa Sichana ni hatua kumi kutoka pale alipokaa. Hakuzipiga. Alipanda sitahani kumwonyesha mwenye chombo.

Mwenye chombo, Bwana Holger, alikuwa amejinyoosha chini ya turubai. Alisikiliza tafsiri, akavua miwani ya jua, akauliza swali moja tu.

"Amekufa?"

"Hapana. Ni mgonjwa."

"Basi tumwombee," alisema Bwana Holger, ambaye siku ishirini na mbili hakuonekana akiomba chochote isipokuwa barafu. Akavaa tena miwani yake.

Mtu atauliza: yoti ya mita thelathini, yenye milingoti miwili na vyoo vitano, haina mashine? Inayo. Ilikuwa na mashine nzima na matangi yaliyojaa dizeli hadi kwenye vifuniko. Kutoka pale walipokuwa, maili mia na kumi mashariki ya Unguja, mashine ile ingewafikisha Nungwi kabla ya adhuhuri ya Jumanne. Lakini Bwana Holger alikuwa amewaahidi watu wa kwao kwamba atavuka bahari, kutoka Kolombo mpaka bandari ya Unguja, kwa upepo mtupu. Ufunguo wa mashine ulikuwa ndani ya kijisanduku cha kioo karibu na usukani, kimezungushiwa utepe na kupigwa lakiri nyekundu na waamuzi wa mashindano hayo. Lakiri ikivunjika, safari imefutwa, na jina lake haliandikwi kwenye kitabu chao cha rekodi. Kila asubuhi alikipiga picha kijisanduku kile kabla hata ya kunywa kahawa.

Na upepo wenyewe ulikuwa umekufa tangu Jumapili. Kaskazi imechoka, kusi haijaja, maleleji yameshika, bahari imeganda juu kama uji uliopoa. Matanga yananing'inia. Chombo kinajizungusha pale pale, leo omo, pua yake, inatazama Bara Hindi, kesho inatazama Afrika.

Jenereta, kwa kuwa haikuwa ya kuendea, haikupigwa lakiri. Ilinguruma kutwa kucha ikipoza vyumba vya wageni na kugandisha barafu ya vinywaji vyao. Yaani mafuta ya barafu yalikuwepo. Mafuta ya Bi Mwamvua ndiyo yaliyokuwa haramu.

Kapteni Zahran akamwendea Himid, mume wa Sichana. Himid alikuwa serahangi, mkuu wa kazi za sitahani, Mtumbatu aliyejua kushona tanga kabla ya kujua kusoma. Alikuwa omo, ana sindano mkononi.

"Himid."

"Naam, kapteni."

"Kuna khabari ya kwenu." Akampa karatasi. "Mwenye chombo nshamwonyesha. Lakiri haivunji. Sasa wewe ndo mume, mkeo unamjua wewe. Ukiona umwambie, mwambie. Ukiona usimwambie, sote tutanyamaza."

Hivyo ndivyo mzigo unavyoshuka ngazi. Holger kamwachia Mungu, Zahran kamwachia Himid, na kila aliyeutua akajipangusa mikono akajiona mwema.

Himid aliisoma ile karatasi. Huko kaskazini kwa watu wa bahari kuna mila ambayo hata watoto wanaijua: khabari ya msiba haimfiki mtu chomboni. Aliyefiwa akiwa safarini hufichwa mpaka nanga iguse mchanga, kwani mwenye msiba baharini hana pa kukimbilia, ataishia kuyakodolea macho maji. Wenzake hunyamaza, humpunguzia zamu, humpa kipande kizuri cha samaki. Basi Himid akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaendelea kushona. Alijiona amefanya la kiungwana. Mungu amsamehe, maana mkewe hakumsamehe.

*

Jumanne asubuhi chombo kizima kilikuwa kimeamka na wema.

Kwa kawaida wafanyakazi walipewa ndoo moja ya maji matamu kwa siku, ya kuogea na kutawadhia, ilhali wageni walikoga mara tatu na kuimba humo humo. Siku ile Jamil, fundi wa mashine isiyoruhusiwa kuwaka, alimletea Sichana ndoo yake. "Chukua, mimi leo sitaki." Kapteni Zahran akamwambia asipike chakula cha mchana, wageni watakula baridi. Na mgeni mmoja wa kike, aliyekuwa hajawahi kumwita Sichana kwa jina, aliingia jikoni bila ya kubisha, akamkumbatia na kikaango chake mkononi, akamwachia chokoleti, akatoka akipangusa macho.

"Leo mmekula nini nyie?" Sichana alimwuliza mumewe, akicheka. "Hata yule bibi wa chumba cha mbele kanikumbatia. Mie nanuka vitunguu, yeye ananibana tu."

"Wamechoka na bahari," alisema Himid. "Mtu akichoka hupenda watu."

Alikuwa amekuja kumsaidia kumenya viazi, jambo ambalo hakulifanya tangu waondoke Kolombo. Sichana alikuwa na miaka thelathini na minne, mwepesi wa mikono na wa mdomo, na alipokuwa na raha alizungumza bila ya kuvuta pumzi. Alizungumza habari za kufika. Alikuwa amemnunulia mama yake shali ya buluu, laini, ya kutokea. "Atasema ghali. Atasema 'mwanangu, pesa unazitupa'. Kisha ataivaa mpaka kwenye kuteka maji." Akachukua kiazi kingine. "Presha yake tu ndo inayonitia wasiwasi. Nlimwacha hajambo, lakini mtu mzima hana hajambo ya siku nyingi."

Himid alimenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

"Mbona huongei?"

"Joto."

Sichana akachungulia juu kupitia mlango wa ngazi. Kutoka jikoni kile kijisanduku cha kioo kilionekana, kinang'aa juani na lakiri yake kama kidonda.

"Hivi yule akikivunja kile atakufa?"

"Ndo mashindano yake hayo."

"Anashindana na nani? Siku tatu hizi sijaona hata ndege. Ana mafuta ya kwenda Unguja na kurudi, ana mashine, amekaa anayasubiri majaaliwa kama maskini. Watu wengine umaskini wanaufanyia mchezo, Himid. Sisi baba zetu walikwenda kwa matanga kwa sababu hawakuwa na dizeli. Angepewa baba yangu mashine ile, matanga angeyafanya pazia."

Himid alitaka kucheka, kikamtoka kitu kama kikohozi. Aliinuka akasema anakwenda kutazama kamba. Hapakuwa na kamba ya kutazama, chombo kilikuwa hakiendi popote.

Jumatano Bwana Holger akapanda na kamera. Kila siku alirusha picha kwenye ukurasa wa safari yake, pale palipokuwa na ramani na kidoti chekundu kinachoonyesha yoti imefika wapi. Watu wa kwao walikuwa wakimfuata. Lakini kidoti kilikuwa kimekwama siku ya nne sasa, na alihisi wafuasi wake wameanza kuchoka. Alimtaka mpishi. Alimtaka na mkate wa moto mkononi, kanga kichwani, na bahari tulivu nyuma yake.

"Anataka useme kwa Kiswahili," kapteni alimwambia. "Useme, sisi hatuna haraka."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Bwana Holger alikuwa amevaa kofia ya ukindu aliyoinunua njiani, ndogo kwake, imekaa juu ya utosi kama kawa juu ya sahani. Sichana alipomtazama alishikwa na kicheko cha kweli, kile cha tumboni, na katikati ya kicheko akasema, "Sisi hatuna haraka! Tunakwenda kwa upepo wa Mungu!"

Bwana Holger akapiga makofi. Akataka arudie. Akarudia. Akataka mara ya tatu, ila acheke kama mara ya kwanza. Sichana akacheka. Nyuma ya kamera Kapteni Zahran alikuwa anatazama viatu vyake. Himid alikuwa kwenye usukani, amekazia macho dira. Hakuna kati ya wanaume wawili wale aliyefungua mdomo, na mdomo haukupigwa lakiri.

Picha ikarushwa saa ile ile. Setilaiti iliyoshindwa kumfikishia mtu neno la dada yake hatua kumi tu, ilikirusha kicheko chake dunia nzima kwa dakika mbili.

*

Alkhamisi alfajiri ulikuja ujumbe wa pili. "Mama katangulia mbele ya haki. Tutamzika leo. Mko wapi? Tukungojeni?"

Safari hii kapteni hakupanda kwa Bwana Holger. Alimpa Himid simu yenyewe mkononi.

"Wanataka jawabu."

Himid alisoma, akakaa chini juu ya kamba. Akasema, "Waambie wasingoje."

Kapteni akaandika: "Msingoje."

Sasa ndipo ulipokuwa msiba wa kweli, na Himid akauficha kwa moyo mzito lakini uliotulia, kwani sasa mila ilikuwa upande wake. Alimpunguzia Sichana kazi. Alimpa kipande kizuri cha samaki.

Upepo ulikuja siku ile ile adhuhuri, mwembamba, wa kusi, ukajaza matanga kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Bwana Holger alipiga kelele za furaha. Ijumaa kabla ya adhuhuri mnara wa taa wa Nungwi ukaonekana, na pale pale, kwenye rafu ya chumvi na pilipili, simu ya Sichana iliyolala siku ishirini na sita ikaamka. Ikalia. Ikaendelea kulia mpaka akadhani imeharibika.

Alijipangusa unga, akasoma kwa kufuata siku.

"Mama kaanguka, presha. Tumempeleka hospitali, tumerudi naye. Nimemwandikia kapteni wako." Hiyo Jumatatu.

"Anakuuliza. Mbona kidoti chenu kwenye ramani hakisogei?" Jumanne.

"Kauliza tena."

"Sichana, ikiwa mna mashine washeni, nakuomba."

"Wamenijibu tusingoje. Ni wewe uliyesema?"

"Tushamzika. Mama yetu tushamzika."

Alizima jiko kwanza. Mkono ulijua kazi yake, ukazima wenyewe. Kisha akapanda sitahani, simu mkononi, na wote waliomwona uso wake wakapata shughuli upande mwingine wa chombo.

"Ulijua lini?" alimwuliza mumewe.

"Sichana, ngoja tutie nanga, kisha…"

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Nani mwingine?"

Sichana akawatazama mmoja mmoja: Jamil wa ndoo, kapteni, bibi wa chokoleti. Akaelewa wema wote wa wiki ile ulikuwa wa nini, na akaona haya, yeye aliyedhulumiwa, haya ya kuwa amekula chokoleti ile na kuisifu.

"Mlinitazama nacheka," alisema. "Mlinitazama nashika mkate nacheka, na nyote mnajua."

"Mila, Sichana. We mtoto wa bahari, mila unaijua. Msiba hausemwi chomboni. Mama yako mwenyewe alipofiwa na mwanawe na baba yako yuko safarini, si alimficha mpaka akateremka?"

"Usinitajie mama yangu!" Sauti yake ilifika mlingotini. "Alimficha, ndiyo! Kwa sababu mtoto alikuwa keshakufa! Baba angefika leo, angefika mwezi ujao, kaburi ni lile lile. Mila ile ni ya maiti, Himid. Mama Jumatatu hakuwa maiti. Mama alikuwa mgonjwa, ana macho, ana ulimi, ananitaka. Mgonjwa hafichwi. Mgonjwa anaendewa!"

"Ungefanya nini? Upepo ulikuwa hakuna."

Sichana alinyoosha kidole kwenye kijisanduku cha kioo.

Himid akalamba midomo. "Wangetushusha sote wawili. Kapteni kaniahidi unahodha msaidizi safari ijayo. Nlifikiri…"

"Basi sema hivyo," alisema Sichana, taratibu sasa, na utaratibu ule ulimtisha Himid kuliko ukelele. "Sema uliitaka kazi. Usijifiche kwenye mila za wazee wangu."

*

Walipofika mbele ya Nungwi upepo ukafa tena. Bwana Holger, kwa huruma yake, aliruhusu nanga itiwe ili mpishi ateremke. Kanuni zake zilikuwa zinaruhusu nanga. Himid alitaka kuteremka naye, lakini kapteni akasema serahangi lazima abaki, hapo miamba ni mingi. Himid akabaki.

Nyumbani kwa Bi Mwamvua mikeka ilikuwa imetandikwa mpaka barazani. Wanawake walimpisha Sichana. Bashira alikuwa amekaa pembeni ya kitanda kilichoondolewa godoro. Hakuinuka.

"Umefika," alisema.

"Dada…"

"Nlimkosha mie na mama mdogo. Nlikuwa nikimmiminia maji nikitazama mlango. Nkisema labda."

Haki ya mwana wa kike ni kumkosha mama yake. Hiyo mtu hairudishiwi. Sichana alikaa chini alipokuwa amesimama, juu ya sakafu, na akalia. Wanawake walimwacha. Alipotulia, Bashira ndiye aliyezungumza, macho yake kwenye ukuta.

"Jumatano alipata nafuu. Tulimkalisha. Kila saa anauliza, 'Wamefika wapi?' Nkamfungulia ile ramani, nkamwonyesha kidoti chekundu. Nkamwambia, huyo hapo Sichana. Akawa anakitazama. Akaniambia, mbona hasogei? Nkamwambia, upepo, mama. Akasema, lakini si wana mashine? Kisha ikaingia picha yako. Nkasema itamfurahisha, nkamwekea."

Akaitoa simu yake, akaifungua, akaiweka juu ya mkeka. Sichana yule wa kwenye kioo alikuwa anacheka, mkate mkononi. *Sisi hatuna haraka! Tunakwenda kwa upepo wa Mungu!* Mama mdogo, aliyekaa karibu na mlango, akafunika uso kwa kanga.

"Akasema nini?" aliuliza Sichana.

Bashira alizima simu.

"Dada, mama alisema nini?"

"Alisema, 'Mwacheni mwanangu. Hana haraka.' Akageukia ukutani. Hakukuuliza tena."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira.

"Sikujua," alisema Sichana. "Wallahi, dada, sikujua. Hawakunambia. Hata lile neno la msingoje silo langu."

"La nani?"

"La mume wangu."

Bashira alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya hitma. Yoti bado ilikuwa pale mbele, inaonekana na kila aliyetoka nje kumwaga maji, nyeupe, imesimama, inangoja upepo wa maili thelathini za mwisho kwenda Mjini. Wajomba waliuliza mkwe yuko wapi.

"Yuko zamu," alijibu Sichana. Hawakuuliza mara ya pili.

Sahani za pilau zilikuwa zinakusanywa Kapteni Zahran na Bwana Holger walipotokea uwanjani. Walivua viatu vizuri. Kapteni alitoa taazia kwa maneno ya Kiarabu yaliyonyooka, akawashika wajomba mikono, akapewa kahawa. Bwana Holger aliinamisha kichwa kila alipoona wengine wanainamisha. Sichana akaitwa, akaja na mtandio wake, akakaa mbali kidogo.

"Bwana amesikitika sana," alisema kapteni, na Bwana Holger akatoa bahasha akaiweka juu ya mkeka. "Hii ni mkono wake wa pole. Na kuna ombi. Si la lazima. Kesho au keshokutwa tukijaaliwa upepo tutaingia Mjini. Watakuwepo waandishi, itakuwepo karamu pale hotelini. Anasema wewe ulikuwa nasi safari nzima, ingekuwa heshima usimame kwenye picha ya mwisho. Ile picha yako ya mkate imependwa mno. Watu elfu arubaini wameitazama."

"Elfu arubaini," alisema Sichana.

"Naam."

"Kapteni, wewe una mama?"

Kapteni Zahran aliweka chini kikombe. "Ninaye. Yuko Mpendae."

"Akiumwa leo, utamwendea kwa upepo au kwa mashine?"

Bwana Holger aliuliza wanasema nini, na kwa mara ya kwanza katika safari ile kapteni hakumtafsiria.

Sichana akainuka. Bahasha ilibaki pale mkekani. "Mwambie namshukuru," alisema. "Nakwenda kuchukua vitu vyangu."

Hakuwasubiri wavae viatu. Ahmada, mtoto wa mjomba wake, alikuwa na boti ya fiba pwani, akampeleka bila ya kuuliza. Himid alimpokea kwenye ngazi ya ubavuni, amenyoosha mkono. Sichana hakuushika. Aliteremka jikoni, akatia nguo zake kwenye begi, akaitia na ile shali ya buluu. Kisha akachukua mchi wa kutwangia thomu, ule wa mpingo aliokuja nao kutoka kwao, akapanda nao kwenye usukani.

Pigo la kwanza kioo kilipata ufa tu. Bibi wa chokoleti alipiga ukelele. Pigo la pili kikamwagika.

"Sichana!" Himid alikuja mbio. "Una wazimu? Itasaidia nini sasa? Mama keshazikwa!"

"Haisaidii kitu."

"Sasa wataka nini?"

"Nataka safari hii isiandikwe."

Aliutoa ufunguo kwenye vigae vya kioo, utepe na vipande vya lakiri vimening'inia. Kigae kilimkata kidole. Aliutia mahali pake, akauzungusha, kama alivyomwona Jamil akifanya siku ile ya Kolombo kabla ya waamuzi kuja.

Mashine iliwaka mara moja. Haikukohoa, haikusita. Wiki nzima ilikuwa pale chini, nzima, imejaa mafuta, ikimngoja mtu mmoja tu mwenye mkono wa kuiwasha. Sitaha ikatetemeka chini ya miguu yao, na mtetemo ule ndio uliomliza Himid, ambaye hakulia Jumatatu wala Alkhamisi. Jamil, amesimama kwenye mlango wa chumba chake cha mashine, alikuwa wa karibu zaidi na kitufe cha kuzimia. Hakukigusa.

Katikati ya maji, kwenye dingi, kiboti cha yoti, Bwana Holger alikuwa amesikia. Alisimama wima, akapepesuka, akapaza sauti akipunga mikono yote miwili. Kapteni Zahran alikuwa amekaa nyuma yake, ameshika usukani wa dingi, wala hakuongeza mwendo.

Sichana alichukua begi lake, akateremka kwenye boti ya Ahmada. Damu ya kidole aliifuta kwenye kanga. Himid alimfuata mpaka kwenye ngazi, mguu mmoja juu, mguu mmoja chini.

"Na mimi?" alisema. "Sichana, mke wangu. Nije?"

Alimtazama tangu kichwani mpaka kwenye ule mguu ulioning'inia, ambao hata sasa haukuwa umeamua. Ahmada alikuwa ameshika kamba, anangoja neno.

"Wewe kaa hapo," alisema Sichana. "Ungoje upepo."